Mbunge Aliyesimama Msibani

Nilitoka Newala na begi moja, nikalala kituo cha mabasi Dar, kisha basi likanibeba kutwa na usiku hadi Kahama. Nilishuka miguu imevimba. Nilifuata dhahabu kama wengi, nikaambulia usukani: nikawa dereva wa mbunge.

Alikuwa mtu wa katikati. Ndani ya chama hakuwa na kambi, na jimboni alikataa kuchagua kati ya wenye mashamba na wachimbaji waliokuwa wakiyafukua mashamba hayo. Hawa walimwita wa kule, na wale wakamwita wa huku. Yeye aliamini kura za maoni ndani ya chama zingemrudishia ubunge, kwa kuwa hakuna aliyemdhulumu.

Kura zilipokaribia, shimo la dhahabu liliporomoka jirani na Segese, likamuua kijana mmoja, mchimbaji, mtoto wa mkulima. Tulifika msibani tukakuta wachimbaji wamekaa kwenye magogo upande mmoja, wazee wa mashamba upande wa pili. Kule, anayefika msibani hukaa kwanza, hata kama ni chini kwenye vumbi. Mheshimiwa alitoa pole, akabaki amesimama katikati ya ua.

"Kaa, baba," mama wa marehemu alimwambia.

"Nimekaa sana garini, mayu," alimjibu, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Mwacheni," mchimbaji mmoja alisema. "Akikaa huku, kule watanuna. Akikaa kule, tutanuna sisi. Mwacheni aote mizizi."

Watu walicheka kidogo, wakainamisha vichwa. Mama yule alivuta khanga akafunika uso. Mheshimiwa alisimama hivyo mpaka tukaenda kuzika.

Habari ilitembea hadi Ushetu: mbunge ana haraka, hata kifo hakimkalishi. Siku ya kura, wakulima na wachimbaji walimnyima kwa pamoja. Sikuwahi kuwaona wakikubaliana jambo lingine.

"Nilisimama ili niwaheshimu wote," aliniambia tukirudi nyumbani. Niliendelea kukwepa mashimo ya barabara.

Siku niliyoondoka Kahama kurudi kwetu, nilipita kwake Nyasubi kuaga. Alikuwa amevaa fulana ya ndani, anamwagilia mchicha. Mke wake alinifungia michembe, vile viazi vya kukausha, nile njiani.

"Kwenu wakikuuliza," mheshimiwa alisema, "waambie sikumwonea mtu."

"Nitawaambia, mheshimiwa."

Kwetu hakuna aliyemjua. Nilimshika mkono, nikaenda kupanda basi.