Kidole cha Buluu

Nnamtaja Zuwena kwa jina, na simwogopi. Chama chetu cha kina mama hapa mtaani Al Hail, ughaibuni, kina pande mbili, Unguja na Pemba. Kila upande huchagua mgombea wake kwanza, kisha wawili hao hushindania uenyekiti. Unachukua karatasi ya upande uutakao, ila mmoja tu, na unatiwa wino kidoleni: mwekundu kwa Unguja, wa buluu kwa Pemba.

Kwetu Unguja alisimama shoga yangu Mwanaidi, aliyeniahidi jiko la harusi zote akishinda, na Rukia, mdogo wake Zuwena. Zuwena akaninong'oneza: "Rukia hata mama hampi kura. Wewe nenda upande wa Pemba, mchague aliye dhaifu, Mwanaidi aje amtafune."

Nami, kichwa maji, nikaenda mbio, nimekaza mtandio kiunoni.

Mwanaidi akaangushwa na Rukia kwa kura moja.

"Nani kanisaliti, jamani?" akalia.

Nikasimama mbele ya wote, nikamnyooshea Zuwena kidole. "Huyu hapa!"

Zuwena akatabasamu, akainua chake, chekundu. Macho yote yakageukia changu.