Chumvi ya Chini ya Kikapu

Wewe unayenisikiliza, kama hujala, kula kwanza. Nikimaliza hutataka hata kusikia harufu ya mawese.

Mimi nauza samaki wakavu hapa Kamina. Samaki aliyekufa nimemzoea, yeye na funza wake. Aliyenichefua ni samaki aliye hai.

Jirani yangu ni mke wa askari wa kambi, mzaliwa wa Muanda, kando ya bahari. Mumewe alipohamishiwa huku, yeye mke alipanda ndege ya jeshi akiwa amepakata ndoo ya samaki wa kwao, wadogo, wenye milia ya njano. Tangi la kioo na madumu ya maji ya bahari vilifuata. Samaki wakafa mmoja mmoja hadi wakabaki wawili. Siku hizi ndege haikubali mizigo ya namna ile. Hao wakifa, hapati wengine.

Asubuhi moja akaniita ukutani, kwa jina la dada mkubwa.

“Yaya, kuya uone. Banajikwaruza ku majiwe.”

Nikaona. Walikuwa kama wamenyunyiziwa unga wa mahindi, na kwenye mashavu yao ulining’inia ute mzito, kama kamasi ya mtoto mwenye mafua. Nilitema mate chini, kisha nikaona haya, maana yeye alikuwa analia.

Kaka yake wa Muanda alitueleza kwa simu, nami nakueleza wewe polepole, si jambo gumu. Zile chembe ni wadudu. Wakishiba huanguka chini, wakazaana kwenye mchanga, kisha watoto wao wakapanda tena juu ya samaki. Kwa hiyo mgonjwa anahamishiwa chombo kitupu, kisicho na mchanga wala mawe, na lile tangi la kwanza linakaa wiki nyingi bila samaki ili wadudu wakose chakula. Sisi tulichukua beseni, tukaweka kipande cha bomba wajifiche, na kimashine cha kupuliza hewa kinachotumia sola. Kisha tukapunguza chumvi: kikombe kwa kikombe, kwa siku kadhaa, tuliongeza maji yaliyochemshwa na kupoa, mpaka yakawa nusu ya bahari na nusu ya Kamina. Samaki wale walivumilia. Mdudu hawezi.

Kila siku uchafu wa chini unanyonywa kwa mpira mwembamba. Unavuta kwa mdomo, maji yakianza kushuka unatoa haraka. Mimi sikutoa haraka. Kitu laini, cha uvuguvugu, kilikaa juu ya ulimi wangu, na siku ile sikula bukari, ugali wetu, nilikunywa chai tu.

Lakini ilifanya kazi. Unga ulikuwa unapungua. Jirani akaanza kuimba akifua.

Ndipo mama mkubwa wangu akafika kutoka Kinkondja na vikapu vyangu vya samaki wa chumvi. Nilimwacha uani kwa jirani, karibu na beseni, apumzike, sisi tukaingia ndani kupika. Tuliporudi alikuwa ameinama juu ya beseni, anakung’uta kikapu.

“Mama mukubwa! Unafanya nini pale?”

“Minasaidia bagonjwa benu. Samaki ya bahari munamuweka mu mayi ya chai? Nilionja, chumvi iko kidogo.”

“Ulionja ile mayi?”

“Nilionja. Hata supu yako haina utamu vile.”

Ile ilikuwa chumvi ya chini ya kikapu, ya kijivu, yenye magamba, vipande vya utumbo na funza waliokauka. Mafuta yalitanda juu ya maji, povu likapanda, na harufu ikatoka kama mdomo wa maiti. Samaki wote wawili walikuwa juu, wanatafuna hewa.

Jirani alishika kichwa. “Mama, unabaua!”

“Kwetu samaki mugonjwa anaenda ku mafuta, hapana ku hospitali,” mama mkubwa alijibu, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

Kilichotuokoa ni ndoo. Tulikuwa tumechanganya mapema maji ya kubadilisha kesho, nusu kwa nusu. Niliingiza mikono yote miwili katika uchafu ule. Funza mkavu alininata kidoleni, utumbo ukanishika kwenye pete. Nikawakinga samaki kwa viganja na kuwatia ndooni, jirani akaleta kimashine cha hewa na lile bomba, ameshalisuuza. Kisha nikaenda nyuma ya choo nikatapika, mimi ninayeuza samaki tangu ujana wangu.

Beseni aliliosha mama mkubwa mwenyewe, kwa mchanga na maji ya moto, bila sabuni, maana sabuni pia inaua. Alisugua hadi jua likazama. “Sikujua kama hii samaki iko ukumbusho ya mama yako,” alimwambia jirani. Samaki hawakuwa wa mama yake, ila jirani alimwongezea tu maji ya moto.

Asubuhi, palepale ndooni, mmoja alitoka kwenye bomba akachukua chembe ya yai mkononi mwa jirani. Wa pili alichelewa, kisha naye akala.

Basi nawe, ukitenga samaki mgonjwa, changanya ndoo ya pili ya maji yaleyale, ifunike, na beseni nalo lifunike kwa chandarua kilichofungwa kwa kamba kabla ya kuingia jikoni.