Mstari Niliousafiria hadi Kihesa

Nilikwenda Iringa kutafuta mstari ambao haupo. Mchungaji wetu hapa Mbeya, mwenye mafunzo ya wiki tatu na joho la askofu, alihubiri kwamba Biblia inasema sauti ya wengi ni sauti ya Mungu. Mimi, mwalimu wa kipaimara, kiherehere kikanishika, nikamuuliza ni kitabu gani. Akasema Mithali. Nikambishia. Baraza la wazee likaamua nilete neno la msomi, la sivyo niachie darasa langu. Darasa lile nalipenda, sifichi.

Saa kumi na mbili asubuhi basi likaondoka. Tulipofika Chimala akapanda mama mwenye ndoo ya mchele, akaketi karibu nami. Nikamuuliza kuhusu mstari wetu.

“Upo, kaka. Mchungaji wetu anautaja kila harambee.”

“Umewahi kuusoma?”

“Nisome mimi, yeye afanye kazi gani?”



Saa nane mchana nikafika Kihesa, mtaa wa Iringa, kwa Mwalimu Kalinga, mama mstaafu aliyefundisha Kiebrania na Kigiriki chuo cha theolojia. Alikuwa barazani akichambua maharage.

“Kamwene, mgeni,” akanisalimu kwa Kihehe. “Mamajusi walikuwa wangapi?”

“Watatu,” nikajibu kwa fahari. Kila Krismasi nawavisha vilemba watoto watatu wa igizo.

Akanipa Biblia. Nikasoma Mathayo mara mbili. Zawadi ni tatu; idadi ya watu haikutajwa. Niliona aibu, mtu mzima mimi.

“Sasa tutafute huo wa mchungaji wako,” akasema. “Kosa lako umeshaliona.”

Tulitafuta hadi jioni. Hatukuupata. Tulichopata ni onyo katika Kutoka, kwamba usiwafuate wengi kutenda uovu. Akaniandikia barua.

Kesho yake nikarudi Mbeya, na Jumamosi alasiri nikasimama mbele ya baraza. Kwanza nikaungama kosa langu la mamajusi, maana kweli haichagui mtu. Kisha nikasoma barua. Mchungaji akatabasamu kwa upole wa kichungaji.

“Wazee wangu, asiyejua hata idadi ya mamajusi atufundishe Mithali? Tusibishane. Tupige kura.”

Wakapiga. Kwa mikono tisa dhidi ya miwili, mstari ukaingia katika Biblia. Mtume Paulo alihangaika bure kuandika nyaraka; angeitisha kikao tu.

Darasa sasa analifundisha mchungaji mwenyewe. Nimejifunza kwamba kanisa lisilosomesha viongozi wake halikosi walimu, linakosa wa kuwasahihisha. Inaniuma, hasa kwa kuwa binti yangu Neema yumo darasani. Juzi alirudi na mstari ule daftarini, umewekewa alama ya vema.

“Baba, huu uko sura ya ngapi?”

Nikampa Biblia yangu, nikamwambia aanze Mithali sura ya kwanza, asiruke ukurasa. Jana alifika sura ya tisa. Bado anatafuta.