Nane Mara Nne

Dada yangu anaishi Riruta Satellite, mimi naishi Gatwekera, mwendo wa kama saa nzima kwa miguu. Asubuhi hiyo alitakiwa kuingia kwenye tovuti ya kampuni ya nje iliyokuwa inampima kwa kazi ya kusikiliza sauti na kuandika maneno. Asiyeingia kabla ya saa tano, nafasi yake ingepewa mwingine. Na dada alikuwa ameshawaaga wote aliokuwa akiwafulia nguo.

Kampuni ilimtumia VPN, programu ya kumpitisha kwenye njia yake ya ndani, akaiweka katika kompyuta ya kuazima. Saa nne aliniandikia kwamba programu imeunganika lakini hakuna ukurasa unaofunguka.

Mimi hutengeneza simu, na shida hiyo nilikuwa nimeiona. Huku kwetu nyumba hazina namba. Ukimtafuta mtu unamuuliza mama wa mandazi, naye anakuonyesha mlango. Kwenye mtandao anayeulizwa ni DNS. Unamtajia jina la tovuti, anakupa namba ya mahali ilipo. Dada alikuwa ameshika njia mpya, lakini kompyuta yake bado ilikuwa inamuuliza mtu wa njia ya zamani, na huyo hakuweza kumsikia tena. Ilibidi apewe mwingine wa kuuliza, mwenye namba 8.8.8.8.

Sipendi kuongea kwa simu. Huwa naandika, polepole, nafuta, naandika tena. Na katika ujumbe namba naziandika kwa maneno, kwa sababu mwalimu wetu wa insha alikuwa anakata alama akiona tarakimu. Nikamwambia afungue mipangilio, ateremke hadi DNS, afute kilichopo, aandike nane mara nne na kutia nukta katikati.

Akajibu kwamba namba imekuwa nyekundu, imekataa. Nikamwambia arudie. Nyekundu tena. Nikamwambia azime kompyuta na kuiwasha. Hiyo peke yake ilikula dakika nyingi, na kukaa nikashindwa. Nilifunga kibanda nikaanza kutembea kwenda Satellite, ingawa nilijua miguu haiwezi kufika kabla ya saa tano. Nilipita Sarang'ombe nikisimama kila mara kuandika. Nilimuuliza kama ameacha nafasi mahali, kama amebonyeza kuhifadhi. Majibu yake yalizidi kuwa mafupi.

Nilipofika barabara ya Ngong zilikuwa zimebaki dakika kumi. Simu ikalia. Niliiangalia ikilia, halafu nikashika.

"Kwani unaandika kitabu? Niambie na mdomo."

Nilimwomba anisomee alichoandika.

"Tatu, nukta, mbili."

"Hiyo umetoa wapi?"

"Si umesema nane mara nne? Ni thelathini na mbili. Nukta nikaweka katikati. Ama umesahau, na ni mimi nilikufundisha kuzidisha?"

Nikaanza kumtajia, lakini malori yalikuwa yanapita na hakunisikia. Aliniambia niongeze sauti. Waendesha bodaboda waliokuwa wakingoja wateja waligeuka kunitazama. Nikafumba macho.

"Nane, nukta, nane, nukta, nane, nukta, nane," nilisema kwa nguvu, halafu nikarudia yote.

"Boss, hizo namba zikishinda usitusahau," mmoja wa bodaboda akasema, na wenzake wakacheka.

Nilisikia vidole vya dada kwenye vitufe.

"Imefunguka," akasema, na simu ikakatika.

Sikujua kama aliwahi. Kumpigia ningemharibia, kurudi kibandani sikutaka, kwa hiyo niliendelea kutembea, haraka kuliko mwanzo.

Mlango wake ulikuwa umefungwa. Ndani sauti ya mwanamume ilisema sentensi moja ya Kiingereza, ikakatwa, ikarudi kuanza upya, na vidole vya dada vilikuwa vinaifuata. Nilitembea mbele ya mlango huku na huku, kwa vidole vya miguu, wala sikubisha.