Bomba la Jikoni kwa Mama

Nililikata kwa msumeno bomba la chuma lililopeleka maji jikoni kwa mama, mbele ya baba mdogo aliyelisifu miaka yote. Ndani, kutu ilikuwa imeacha kitundu cha kupitisha penseli tu.

Tulikuwa tunachagua bomba jipya la kutoka kwenye tangi, kupitia shamba la migomba. Mama alishachoka kunywa chai ya maji mekundu, nami nilitaka la plastiki, lakini baba mdogo alitaka chuma tena.

"Plastiki? Jembe moja tu, mwanangu, na migomba ndiyo itakayokunywa hiyo chai!"

Fundi wa bomba tuliyemwita akacheka, akamuunga mkono.

"Nakuheshimu, baba mdogo," nikamjibu, "ila mama hanywi kutu tena."

Nikaenda mjini Kayanga, nikarudi na bomba jeusi la plastiki lililoviringishwa. Mtaro niliuchimba mwenyewe, wa kufika magotini, jembe la palizi lisikofika.

Sasa maji yanatoka safi. Baba mdogo aliyaonja, kisha akauliza bomba linapita wapi hasa, kwa sababu anataka shimo la kuvumbikia ndizi za rubisi, pombe yetu ya ndizi, na shimo hilo hupita kina cha magoti. Nilimwonyesha. Mahali atakapochimba hajasema.