Kinga Mbili Chini ya Paa la Motokari

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa nakaa Nyakabiga kwa baba mdogo, nikishona viatu katika karakana moja ya Cibitoke. Baba mdogo alikuwa na kinga mbili. Kwetu baiskeli ni kinga. Nilikua bila kuijua kwa jina lingine, isipokuwa velo. Moja alikwenda nayo kazini bandarini, ya pili aliniazima mimi. Bila hiyo ningefika Cibitoke kwa miguu, nimechelewa, na mwenye karakana hakuwa mtu wa kusubiri.

Zote mbili zililala sebuleni. Mvua zilipoanza, matope yakawa yanadondoka kwenye mkeka wa mama mdogo, naye akasema wazi kwamba yeye hakuolewa na magurudumu. Ubavuni mwa nyumba palikuwa na paa la bati juu ya nguzo nne, ambapo mpangaji wa zamani aliweka motokari yake. Sisi tulianika mihogo pale. Siku aliyovuka kwenda Uvira kwenye msiba, baba mdogo aliniambia kinga zihamie chini ya paa lile, pawe pakavu na pawe na kufuli. Akirudi baada ya wiki akute bado, ya pili ataiuza.

Mtaa wa pili alikuwepo fundi bati, mzee Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka Ujiji. Hakuwa mkali, ila barazani kwake watu walikuwa wengi na wote walipenda kucheka. Nikaandika barua, ikanichukua jioni nzima: tunaomba mzee atuwekee kinga mbili chini ya paa la motokari, bati zipo nyuma ya nyumba. Mama mdogo akaipeleka.

Siku ya pili yake nilirudi kutoka kazini nikakuta kuta mbili za bati, moja upande wa ziwa, moja upande wa mlima, zimepigiliwa vizuri sana. Mlango hakuna. Upande wa barabara ulikuwa wazi, na mama mdogo alikuwa ameshatundika nguo ndani.

Ikanibidi niende mwenyewe. Nilisimama mbele ya baraza mpaka mzee akaniuliza kama nimetumwa kuhesabu misumari. Nikasema kuna kosa kidogo. Akaitoa barua yangu mfukoni.

"Umeandika kinga mbili. Moja ya mvua ya ziwani, moja ya mvua ya mlimani. Nimepunguza nini?"

"Apana, mzee. Si kinga ya mvua. Kinga ya kupanda. Velo."

Alinitazama kidogo, kisha baraza zima likacheka, yeye wa kwanza.

"Baiskeli! Mjukuu wangu, kwetu kinga inazuia mvua, kwenu inakanyagwa. Sasa mbona hukuja kusema?"

Nikajibu kweli, kwamba niliona haya. Hapo aliacha kucheka. Akanikalisha nimweleze kwa mdomo, nami nikaeleza yote: mlango, kufuli, maji yanayopita chini. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

Tulifanya kazi jioni tatu. Tuliinua sakafu kwa matofali yaliyovunjika, tukafunga upande wa nyuma, na chini ya kichwa cha kila msumari wa paa tukaweka kipande cha mpira wa gurudumu, maji yasipenye. Mlango tuliutengeneza kwa mbao za makasha, tukauvika bati. Tukazika pete ya chuma katika saruji, ya kupitishia mnyororo. Juu ya kuta mzee aliacha nafasi ya upepo, akisema baiskeli iliyofungiwa bila hewa nayo inashika kutu.

Baba mdogo alirudi mvua ikinyesha. Kabla ya kuingia nyumbani alitikisa mlango, akavuta mnyororo, akapapasa viti vya kinga zote mbili kwa kiganja.

"Mlango huu ungefungukia ndani," akasema. "Lakini pakavu."

Funguo zilikuwa mbili. Mmoja akaniachia mimi. Mama mdogo akauliza nguo zake sasa atazianika wapi. Asubuhi nilifika Cibitoke kabla karakana haijafunguliwa.