Dresa na Kipande cha Mkaa

Dresa wetu, mfunga vidonda wa zahanati ya Temeke, hakupi aspirini mpaka akuone unatafuna. Kando ya chupa ya vidonge huweka sahani ya muhogo wa kuchemsha, akakusogezea kabla hujamaliza kulalamikia mgongo. "Dawa hii inachubua tumbo tupu," husema taratibu. Wageni humcheka, na wacheke. Wazee wakiona haya kutaja choo, yeye huwawekea mezani kipande cha tofali na kipande cha mkaa, kisha hugeukia dirishani ili waguse rangi waliyoiona chooni. Jirani yangu Bi Jokha, aliyekuwa akimeza aspirini kila alfajiri kwa ajili ya magoti, aliugusa mkaa. Dresa alipogeuka na kuona kidole cheusi, akafunga chupa. "Mama, vidonge basi. Weusi huo ni damu inayovuja tumboni, uende hospitali ya mjini sasa hivi." Nilimpeleka mie. Huko walimtibu kwa maziwa na dawa ya unga hadi akapona. Daktari Mzungu alipouliza ni daktari gani aliyemuwahi, Bi Jokha aliinua kidevu, akasema, "Dresa wetu." Tuliporudi Temeke tukamsimulia dresa. Akauliza kama Bi Jokha ameshakula.